Mbiu na Kiasi: Historia ya Majina ya Walinzi na Lugha ya Nguvu katika Kilosa na Mikumi

Utangulizi

Katika vijiji vya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, kijana anayelinda soko usiku, au anayetumwa na ofisi ya kijiji kumleta mtuhumiwa, huweza kuitwa kwa majina kadhaa. Akiwa amevaa sare, ni mgambo. Akiwa na fimbo na filimbi tu, ni sungusungu. Akiwa pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na kazi yake ni kuzuia ujangili, ni askari wa wanyamapori wa kijiji. Akiandikwa katika taarifa ya kituo cha polisi, ni mshiriki wa polisi jamii au wa ulinzi shirikishi. Yule anayekamatwa naye, kwa upande wake, aghalabu hutumia neno moja tu: askari.

Wingi huu wa majina si pambo la lugha. Kila jina lilizaliwa katika kipindi chake, likaletwa na mamlaka yake au na hofu yake, na lilipofika liliambatana na mawazo fulani kuhusu nani ana haki ya kumkamata mwenzake na kwa nguvu kiasi gani. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba Kiswahili, katika zaidi ya karne moja ya kutumika kama lugha ya utawala, kilipewa maneno mengi ya kuwaita watu waje walinde, lakini kilinyimwa nafasi ya kuwaambia wakomee wapi. Upungufu huo si wa lugha yenyewe, kwani Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa vipimo na mipaka. Ni upungufu wa historia: wito ulitolewa kwa Kiswahili, na mpaka ukaandikwa kwa lugha nyingine. Aliyeumia zaidi kwa mgawanyo huo ni mwananchi wa kawaida, awe mlinzi wa kujitolea au mtu aliyekamatwa na mlinzi huyo.

Kilosa inafaa kwa uchunguzi huu. Ni nchi ya asili ya Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, ambayo ilipokea vibarua wa mashamba ya mkonge kutoka pande nyingi, kisha wafugaji wa Kiparakuyo, Kimaasai na Kisukuma. Watu wa asili tofauti namna hiyo walihitaji lugha moja ya shamba, ya soko na ya baraza, nayo ikawa Kiswahili. Kwa hiyo lugha ya ulinzi katika wilaya hiyo ni Kiswahili kilichobeba ndani yake kumbukumbu za lugha nyingine.

Askari na hesabu ya kiboko

Neno la kwanza ni askari. Asili yake ni Kiarabu, ambamo askar ni jeshi na askari ni mtu wa jeshi hilo. Lilikuwapo pwani kabla ya ukoloni, lakini utawala wa Wajerumani ndio uliolisambaza bara kwa kasi. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann aliunda kikosi cha kuzima upinzani wa pwani ulioongozwa na Abushiri na Bwana Heri; askari wake wengi walikuwa Wasudani walioandikishwa Misri, pamoja na watu waliotoka Msumbiji na Waswahili wa pwani. Kikosi hicho kilipofanywa jeshi rasmi la koloni mwaka 1891, kiliendelea kutumia vyeo vya kambi za Misri, kama ombasha, shaushi na efendi, ambavyo vingi vina asili ya Kituruki. Katika miaka ya 1890 Wajerumani walijiimarisha Kilosa kwa boma lao, na askari akawa sura ya serikali ambayo mwanakijiji aliijua kwa karibu kuliko nyingine yoyote.

Katika kipindi hicho usemi mmoja uliingia katika kumbukumbu za watu: hamsa ishirini. Maana yake ni viboko 25. Amri ya serikali ya Ujerumani ya mwaka 1896 iliweka ukomo wa adhabu hiyo kuwa viboko 25 kwa mara moja. Kwa maneno mengine, idadi ile iliwekwa kama mpaka usiovukwa. Lakini mpaka huo ulijulikana kwa aliyeamuru na kwa aliyeandika katika daftari; kwa aliyelala chini, 25 haikuwa kikomo cha adhabu bali adhabu yenyewe, hata ikawa jina lake. Huu ni mfano wa mapema wa jambo litakalojirudia: kiasi kilichoandikwa katika lugha ya ofisi hufika kijijini kikiwa kimepoteza maana yake ya kuzuia.

Pembeni ya askari alisimama rugaruga. Neno hili lilihusishwa na wapiganaji wa Unyamwezi wa karne ya 19, hasa wale wa Mtemi Mirambo aliyefariki mwaka 1884. Wajerumani waliwatumia rugaruga kama wasaidizi wa vita, ikiwa ni pamoja na kuzima Maji Maji kati ya 1905 na 1907 na katika Vita Kuu ya Kwanza. Askari alikuwa na mshahara, cheo na kwata. Rugaruga aliitwa kazi ilipotokea, hakufundishwa sana, na mara nyingi malipo yake yalikuwa sehemu ya ngawira. Hivyo, tangu mwanzo, dola ilikuwa na mikono miwili: mmoja uliofundishwa na mwingine ulioitwa tu. Mkono huo wa pili ndio babu wa walinzi wengi wanaojadiliwa hapa.

Ukunga wa Ukaguru

Waingereza waliingia Kilosa mwezi Agosti 1916. Miaka mitatu baadaye, tarehe 25 Agosti 1919, polisi wa Tanganyika walianzishwa rasmi kwa tangazo la gazeti la serikali. Kiingereza hutumia neno moja kwa maana ya nguvu na kwa maana ya kikosi. Kiswahili kilipotafsiri jina la chombo hicho hakikuchagua kikosi wala idara, kilichagua jeshi. Chaguo hilo la kitafsiri limedumu, na hadi leo Mtanzania husema Jeshi la Polisi bila kushtuka kwamba taasisi ya kushughulika na raia imepewa jina la taasisi ya kushughulika na adui.

Hata hivyo polisi walikuwa wachache na vijiji vilikuwa vingi. Mwishoni mwa enzi ya Waingereza, katika Ukaguru, kaskazini mwa Wilaya ya Kilosa ya wakati huo, likatokea vuguvugu lililoitwa Umwano. Mwanaanthropolojia T. O. Beidelman alilieleza katika maandishi yake. Jina lenyewe linahusishwa na ukunga wa hatari, sauti ya kuwaita watu watoke na silaha. Vuguvugu hilo liliwaunganisha Wakaguru dhidi ya wafugaji wa Kibaraguyu, ambao wenyewe hujiita Waparakuyo, katika ugomvi wa mifugo, malisho na mashamba.

Kwa mwanaisimu, jambo la kuangaliwa ni njia ambayo jina limepita: sauti ya kuita imekuwa jina la kundi la walioitikia. Njia hiyo haikuishia Ukaguru. Katika miaka ya 2010 magazeti ya Tanzania yalitaja kundi la ulinzi wa jadi la wakulima wa Mvomero, wilaya jirani, lililojulikana kwa jina la Mwano, katika migogoro ya aina ile ile na wafugaji. Ukunga una sifa moja kuu: ni wito usio na sharti. Hausemi mtuhumiwa ni nani, kosa ni lipi, wala watu watawanyike lini. Asiyetoka huonekana msaliti, na anayetoka hafiki kuuliza.

Kutoka mbiu hadi mgambo

Historia ya neno mgambo inafuata njia hiyo hiyo kwa namna ya ajabu. Katika kamusi za zamani mgambo si mtu. Ni tangazo la mkubwa wa mji kwa watu wake, lililotanguliwa na mlio wa mbiu, yaani pembe ya mnyama. Methali imeihifadhi maana hiyo: mbiu ya mgambo ikilia, ina jambo. Aliyesikia mbiu alitega sikio apate kujua jambo.

Maana ya leo ilikomaa baada ya mwaka 1971. Mwezi Januari mwaka huo Idi Amin alimpindua Milton Obote nchini Uganda. Miezi miwili kabla yake Guinea ilikuwa imevamiwa na vikosi vya Wareno. Mwezi Februari TANU ilitoa Mwongozo, uliosisitiza kwamba ulinzi wa taifa si kazi ya wanajeshi peke yao na kwamba wananchi wafundishwe kujilinda. Neno la tangazo likahamia kwa watu waliotangaziwa: mgambo akawa raia aliyefundishwa. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vililipa jina hilo heshima, kwani maelfu ya mgambo walikwenda mbele pamoja na Jeshi la Wananchi.

Lakini mgambo aliyeandaliwa kwa ajili ya mvamizi wa nje alikuwa amekwisha pewa kazi nyingine. Sheria ya mwaka 1975 iliwapa mgambo uwezo wa kukamata raia katika mazingira yaliyotajwa. Kuanzia hapo mtu mmoja alibeba kazi mbili ambazo kwa asili yake hazifanani. Anayepigana na adui hutafuta kumshinda. Anayemkamata raia hutafuta kumfikisha mbele ya hakimu akiwa mzima. Inafaa kukumbuka kwamba Mwongozo huo huo ulioufungulia umma milango ya mafunzo ya kijeshi uliwaonya vikali viongozi dhidi ya uonevu na dharau kwa wananchi. Onyo na wito vilizaliwa siku moja, katika maandishi mamoja. Wito ukapata viwanja, wakufunzi na sare, na onyo likabaki katika kitabu.

Mafunzo yenyewe yanathibitisha hilo. Mgambo, ambaye rasmi ni mtu wa Jeshi la Akiba, hupata mafunzo ya miezi kadhaa chini ya mshauri wa mgambo wa wilaya: kwata, utimamu wa mwili, shabaha, usomaji wa ramani, mbinu za kivita, huduma ya kwanza. Msingi wa mafunzo hayo ni amri, na amri za kwata ni sentensi za neno moja au mawili zinazodai kitendo papo hapo. Hizo zina kazi yake katika uwanja wa vita. Hata hivyo hazimfundishi kijana aseme nini mbele ya mfanyabiashara ndogondogo anayekataa kuondoka barabarani, wala afanye nini na mtu aliyekwisha salimu amri.

Sungusungu na Rudewa Mbuyuni

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi, wanavijiji waliochoshwa na wizi wa ng'ombe na ujambazi waliunda ulinzi wao wenyewe. Ukajulikana kama sungusungu, jina la wadudu weusi wa jamii ya siafu, waendao kwa safu na kuuma kwa pamoja. Sitiari hii ni fasaha mno. Mdudu mmoja hana nguvu. Kundi lina nguvu. Lakini pia mdudu mmoja hana jina wala lawama, na anayeumwa na safu hawezi kumtaja aliyemuuma. Sitiari iliyoeleza umoja wa wanyonge ilificha pia uwajibikaji wa kila mmoja wao.

Serikali, iliyoona mafanikio ya sungusungu dhidi ya wezi, iliwatambua. Mabadiliko ya sheria za mgambo ya mwaka 1989 yaliwapa nafasi katika sheria na uwezo wa kukamata, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Augustine Mrema, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliuhimiza ulinzi huo hadi mijini. Hivyo jina lililozaliwa Usukumani na Unyamwezini likaenea nchi nzima, na Kilosa ikiwamo. Kilichoenea kwa haraka kilikuwa jina na mamlaka. Mafunzo ya kutumia mamlaka hayo hayakuenea kwa kasi hiyo.

Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 wa upande wa wakulima waliuawa katika shambulio la wafugaji. Watafiti Tor A. Benjaminsen, Faustin Maganga na Jumanne Abdallah, katika makala yao ya mwaka 2009 kuhusu mauaji hayo, walionyesha kwamba chanzo hakikuwa uadui wa asili kati ya makabila. Sera zilizobana malisho na rushwa iliyoua imani ya watu kwa vyombo vya dola zilizifanya pande zote mbili kutafuta suluhisho kwa njia zao, na mojawapo ya njia hizo ilikuwa mabavu.

Hapa historia ya maneno inapata uzito wake. Pale ambapo mkulima na mfugaji hawaamini tena kwamba kuna mtu wa tatu atakayewaamua, kila upande hubaki na ukunga wake. Wilaya ilikuwa na majina mengi ya walinzi, na bado watu 38 walikosa mlinzi. Wingi wa wanaoweza kukamata haukuzaa ulinzi, kwa kuwa uwezo wa kukamata usio na kipimo kinachoaminiwa na pande zote huonekana, kwa anayekamatwa, kuwa ni silaha ya upande mmoja.

Mikumi na lugha ya operesheni

Kusini mwa Kilosa mjini upo mji wa Mikumi, kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia, na hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1964. Huku neno askari limepata mke mwenza: askari wa wanyamapori. Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 ilihimiza vijiji vishiriki katika uhifadhi, na vijana wa vijijini wakaanza kuteuliwa na kufundishwa kama askari wa vijiji. Chuo cha Likuyu Sekamaganga, mkoani Ruvuma, kimejulikana kwa kazi hiyo. Kwa ulinganifu, hawa wamepata fundisho lililolenga kazi yao zaidi kuliko sungusungu yeyote.

Hata hivyo lugha ya uhifadhi nayo imeelemea upande wa kambi. Taasisi za uhifadhi zimeingizwa katika mfumo wa jeshi usu, na kampeni zake hupewa majina ya vita. Mfano mashuhuri ni Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013, iliyowakusanya wanajeshi, polisi, mgambo na askari wa wanyamapori kupambana na ujangili nchini. Ilisitishwa baada ya malalamiko ya vifo, mateso na mali kuharibiwa. Kamati ya Bunge chini ya James Lembeli ikachunguza, na mwezi Desemba mwaka huo mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa zao. Kitenzi kutokomeza kina kiambishi cha usababishi na hakina daraja. Huwezi kutokomeza kidogo. Jina la operesheni ni amri ya kwanza anayoisikia mshiriki, na katika amri hiyo kiasi hakikuwamo.

Kiasi kilikuwa wapi?

Kiasi kilikuwamo katika sheria. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inaagiza kwamba anayemkamata mtu, awe polisi au mtu mwingine, asitumie nguvu kuliko inayohitajika wala asimdhalilishe kupita inavyolazimu. Raia aliyemkamata mwenzake anatakiwa amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa pasipo sababu. Misingi ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1990 kuhusu matumizi ya nguvu na silaha inafuata mwelekeo huo huo. Kwa hiyo mpaka ulikuwapo, tena mpaka mzuri. Lakini ulikuwa katika Kiingereza. Mahakama za mwanzo zimeendeshwa kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960, ilhali maandishi ya sheria yaliendelea kuwa ya Kiingereza hadi mabadiliko ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki.

Wakati mpaka ukiwa katika lugha ya mbali, Kiswahili cha mtaani kiliendelea kujenga msamiati wake wa nguvu. Kumkamata mtu ni kumtia nguvuni. Aliyekamatwa huambiwa yuko chini ya ulinzi, maneno ambayo, yakichukuliwa kwa maana yake halisi, ni ahadi kwamba hatadhurika. Herufi za kikosi cha kutuliza ghasia, FFU, zilisomwa na umma kuwa Fanya Fujo Uone. Magazeti nayo yalizoea kuripoti kwamba mwizi ameuawa na wananchi wenye hasira kali, kana kwamba hasira ndiyo iliyoshika jiwe. Katika misemo yote hiyo nguvu ipo, na mtendaji yupo au amefichwa. Kisichoonekana ni kipimo.

Kazi ya kutafsiri sheria inawaweka wanaisimu mbele ya uamuzi wenye matokeo makubwa. Nguvu inayoruhusiwa iitwe nguvu ya kuridhisha? Swali litakuwa: imridhishe nani? Iitwe nguvu stahiki? Msikilizaji anaweza kuelewa kwamba mtuhumiwa anastahili kupigwa. Nguvu ya busara humwachia mshika fimbo awe hakimu wa busara yake. Nguvu isiyozidi inayohitajika ni ndefu, lakini inamlazimu msemaji kutaja haja: inahitajika kwa ajili gani? Haja hiyo ikiisha, yaani mtu akisalimu amri au akifungwa pingu, nguvu nayo huisha. Kwa mlinzi aliyefundishwa kwa kusikia zaidi kuliko kusoma, muundo huo unafaa zaidi kuliko kivumishi chochote kizuri, kwa sababu unabeba swali ndani yake.

Hitimisho

Tangu mwaka 2006, chini ya Mkuu wa Jeshi la Polisi Said Mwema, mpango wa polisi jamii umejaribu kumleta mlinzi wa kujitolea karibu na polisi aliyefunzwa. Mwaka 2023 Tume ya kuangalia uboreshaji wa taasisi za haki jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilipendekeza Jeshi la Polisi libadilishwe liwe chombo cha huduma. Kenya ilikwisha badilisha jina hilo kwa Katiba ya mwaka 2010, na malalamiko ya raia kuhusu nguvu ya polisi hayakwisha kwa kubadilishwa kwa jina. Neno peke yake halishiki mkono wa mtu.

Lakini historia iliyopitiwa hapa inaonyesha kwamba neno linaloingia katika mafunzo huishika akili kabla ya mkono. Mgambo wa Mikumi na sungusungu wa Rudewa wanaijua mbiu. Wamerithi ukunga, sitiari na amri. Walichonyimwa ni sentensi chache za Kiswahili chepesi, zinazofundishwa uwanjani pamoja na kwata na kukaririwa kama kwata: umkamate mtu kwa kosa gani, utumie nguvu kwa haja gani, uikomeshe lini, na umkabidhi kwa nani. Kuziandika sentensi hizo vizuri ni kazi ya wanasheria na wanaisimu kwa pamoja. Zikikosekana, anayeambiwa yuko chini ya ulinzi hatakuwa na sababu ya kuyaamini maneno hayo.